Elfu Ishirini ya Ziada Uipeleke Wapi?

Mshahara ukishaingia na kugawanywa, kodi ya nyumba imelipwa, LUKU imewekwa, ada ya mtoto imepunguzwa na kijumbe wa mchezo kapewa chake, ipo miezi ambayo mkononi hubaki elfu ishirini hivi isiyo na kazi maalumu. Ujenzi haianzi. Benki ukiipeleka italiwa na makato. Wengi wetu huiacha ijimalize yenyewe: chipsi kuku, bando, soda za wageni, kwisha. Nawaandikia wale ambao wangependa imfae mtu mwingine, ila wanaona haya kuitoa kwa kuwa ni ndogo, au waliwahi kuitoa wakaona imezama bila kuacha alama.

Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja. Pesa ndogo usiitume kuanzisha, itume ikamalizie. Shida nyingi za majirani zetu zina sehemu kubwa iliyokwisha kulipiwa na mwingine, iwe serikali, mradi, ndugu au mwenye shida mwenyewe, halafu kikabaki kipande ambacho hakuna aliyekiwekea bajeti. Dawa zipo bure, nauli ya kuzifuata hakuna. Shule haina ada, sare hakuna. Mkopo usio na riba upo halmashauri, pesa ya kuchapisha katiba ya kikundi hakuna. Ukichangia elfu ishirini kwenye ujenzi wa zahanati umefanya vizuri, sikukatazi, lakini umeongeza matofali machache. Ukiitoa iwe nauli ya mgonjwa ambaye zahanati yake imeshajengwa, muuguzi ameshaajiriwa na dawa ziko kabatini, umefanya gharama zote hizo zimfikie mtu.

Tuanze na hospitali, maana huko vipande hivi ni vingi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini Tanzania, na za kufubaza virusi vya UKIMWI vilevile. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6 bila kukatisha. Kufika mwezi wa pili kikohozi kimekata, nguvu zimerudi, na njaa nayo imerudi kwa kishindo wakati mfukoni hamna kitu. Mtu anayeishi kwa vibarua anapiga hesabu: kwenda kliniki ni nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na siku nzima bila ujira. Anaahirisha. Akizoea kuahirisha ugonjwa hurudi, na safari hii huweza kuwa sugu kwa dawa, na matibabu ya kifua kikuu sugu ni marefu na mazito zaidi. Nauli za kliniki za miezi iliyobaki, kwa mkazi wa mjini anayepanda daladala, mara nyingi haziifikii hata hiyo elfu ishirini yako.

Mtu huyo utampataje? Nenda kwa muuguzi wa kitengo cha kifua kikuu, au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaani kwako. Usimwombe majina, siri ya mgonjwa haikuhusu. Mwambie una nauli ya mtu mmoja, amuulize mgonjwa kama ataipokea. Utasema: je, muuguzi akiila? Inawezekana. Ndiyo maana utatoa ya mwezi mmoja mmoja na kuuliza jambo moja tu, kama mtu wetu amehudhuria.

Kwa wazee mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu huko tunalipa kitu ambacho hakikupaswa kulipwa. Sera ya afya ya mwaka 2007 imewasamehe malipo wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Lakini mzee anafika dirishani mikono mitupu, hana barua wala kitambulisho cha msamaha, anaambiwa alipe. Majirani wanachanga. Mwezi unaofuata wanachanga tena, hadi wanachoka na mzee anaacha kwenda. Hapo elfu ishirini ina kazi nzuri kuliko kulipia cheti cha dawa: ichukue iwe nauli ya bajaji na picha za pasipoti, mpeleke mzee kwa mtendaji wa mtaa akapate barua, kisha ofisi ya ustawi wa jamii. Utapoteza asubuhi nzima kwenye benchi. Mzee atatibiwa miaka kadhaa.

Bima nayo iangalie kwa jicho hilohilo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018 uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6 katika mikoa mingi. Dar es Salaam kiwango kilikuwa juu zaidi. Tangu ipitishwe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 utaratibu unabadilika, kwa hiyo kabla ya kumlipia mtu pita zahanati uulize kiwango cha sasa na kadi inaanza kufanya kazi lini. Marafiki watatu wanaweza kuikatia kaya moja kadi. Kitu cha kuepuka ni kukimbilia bima siku mtu ameshalazwa. Siku hiyo unalipa bili, na kadi itasubiri.

Shuleni habari hii ya kumalizia kipande kilichobaki imepimwa, na ilipimwa jirani tu. Kenya ilipofuta ada ya shule za msingi mwaka 2003, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walizifuatilia shule 328 za magharibi mwa nchi hiyo. Katika baadhi ya shule wanafunzi wa darasa la 6 walipewa sare bure, na wakapewa nyingine baadaye. Ndani ya miaka 3, wasichana walioacha shule walipungua kutoka asilimia 19 hadi 16, na waliopata mimba walipungua kutoka asilimia 16 hadi 13. Hakuna aliyewahubiria. Walishonewa nguo. Duflo na Kremer ni miongoni mwa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, kwa kazi za aina hii.

Kwetu Tanzania ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kilichobaki ni sare, viatu, madaftari, begi, taulo za kike na mchango wa uji au chakula cha mchana. Mtoto wa kike anayekosa taulo hakuambii. Atasema anaumwa tumbo na atakosa siku zilezile kila mwezi. Muulize mwalimu wa malezi, yeye anajua. Sare ishone kwa fundi wa mtaa huohuo ambako mtoto anaishi, pesa ile ile ifanye kazi kwa watu wawili, na umwambie aache upindo mkubwa chini ili mwakani iteremshwe. Viatu nunua namba moja zaidi. Na mkabidhi mzazi ndiye ampe mwanawe. Mtoto akijua sare imetoka kwa baba yake, hakuna ulichopoteza.

Kwa kuwa nimemtaja fundi, tubaki naye barazani. Mtazame fundi cherehani aliyevuka miaka 45. Uzi umechomoka. Anausokota kwa mate, anainua sindano kuelekea mwanga, anasogeza kichwa nyuma kama anayeikimbia, anakosa. Anajaribu tena, anakosa. Kisha anamwita mtoto anayepita: "Hebu njoo umtungie babu uzi." Kazi za siku hiyo zitategemea watoto wanapita mara ngapi. Nguo nyeusi hazishoni jioni, na zipu anazikwepa. Watu wanasema mzee siku hizi kazi yake imeharibika, wanahamia kwa kijana wa pili. Mikono haijaharibika. Ni macho ya karibu, yanayomfika kila mtu baada ya miaka 40 na kitu, na dawa yake ni miwani ya kusomea inayouzwa Kariakoo kwa bei isiyofika ya kuku wa kienyeji.

Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika vijijini Bangladesh, kwa watu zaidi ya 800 wa umri wa miaka 35 hadi 65: mafundi nguo, wachuma chai, wasuka vikapu na wengine wa kazi za mikono. Waliopewa miwani ya kusomea mwanzoni walikuwa, baada ya miezi 8, na kipato cha kati kilichozidi cha wenzao wasiopewa kwa takriban theluthi moja. Mimi sijui msaada mwingine wa elfu chache unaokaribia huo. Angalizo ni moja: mwenye ukungu kwenye mboni, maumivu, au jicho moja lililofifia zaidi ya jingine aende kliniki ya macho kwanza. Wengine wajaribishe palepale mezani, kwa sindano na uzi wao wenyewe, hadi namba ipatikane. Wafikirie pia wachambua mchele, mafundi simu, washona viatu, na bibi anayeshindwa kusoma tarehe ya kuisha kwa dawa.

Sasa mtaji, neno linalowavutia wengi. Nasema wazi: siupendi mtaji wa elfu ishirini. Mama anayekaanga mihogo akipewa elfu ishirini siku mtoto wake ana homa, mtaji utaliwa, na ni halali yake aule. Mwulize kwanza kinachomsumbua. Aghalabu atakutajia deni. Mikopo ya kausha damu, ile ya marejesho ya kila wiki ambayo mkopeshaji haondoki mlangoni hadi abebe godoro au jiko la gesi, mara nyingi huanza kwa kiasi kidogo sana: nauli ya msiba, rejesho la kikoba, homa. Anayempa jirani elfu ishirini Jumanne asubuhi, kabla hajaenda kwa mkopeshaji, amemwepusha na mengi kuliko atakayempa elfu hamsini baada ya miezi mitatu.

Na kama ni mtaji hasa, kuna uliokwisha tengwa. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinakwama kwenye karatasi. Inatakiwa katiba, muhtasari wa kikao, usajili, akaunti ya benki, vitambulisho vya NIDA, andiko la biashara. Kwa steshenari ya mtaani, kuchapa, kutoa nakala na nauli ya mwenyekiti kwenda kwa afisa maendeleo ya jamii ni jambo la makumi ya maelfu, na mkopo unaofuata ni wa mamilioni. Ukiwa na kompyuta ofisini hata pesa hiyo haihitajiki sana. Wakalie jioni mbili uwaandikie.

Swali linalonijia kila mara ni kama apewe pesa taslimu au vitu. Taslimu, isipokuwa una sababu. Hofu kwamba maskini akipata pesa ataimalizia kilabuni ilishapimwa Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, ambako kuanzia mwaka 2011 shirika la GiveDirectly lilizitumia kaya maskini pesa kwa simu bila masharti. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro waliofuatilia hawakuona matumizi ya pombe na tumbaku yakipanda. Watu walikula vizuri zaidi, wakanunua mifugo, wakaezeka mabati. Wapo walevi, ndiyo. Mlevi unamjua kwa jina, na mkewe unamjua pia. Namba ya simu utakayotumia ni ya mke.

Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea. Inaonekana jambo dogo hadi uwe upande wa pili. Bibi anapokea elfu kumi kamili, anatembea hadi kwa wakala, anaambiwa ikatwe ya kutolea. Dawa ilikuwa elfu kumi kamili. Anarudi nyumbani au anakopa mia kadhaa kwa wakala, na wewe mjini unaamini umeshamaliza.

Njia nyingine ninayoipenda ni daftari la madeni la Mangi, mwenye duka wa mtaani. Kila duka la uswahilini linalo, limekunjamana pembe, lina majina kama Mama Shamimu, Baba Neema, Dereva. Kwenye mstari wa kila jina: sukari robo, mafuta ya kupima, sabuni kipande, unga nusu. Deni likifika kiasi fulani Mangi hukataa kuongeza, na familia hulala na chai. Pita jioni kukiwa hakuna wateja, uliza nani deni lake limekwama na ana watoto, punguza. Unachomrudishia mtu huyo ni chakula cha leo pamoja na uwezo wa kukopa kesho. Mangi mwenyewe atakushukuru, maana naye ana deni kwa muuza jumla. Mwombe tu akimwambia mhusika aseme "limepungua", basi. Kusitiri ni nusu ya msaada, na hapo ndipo tunapoharibu sana siku hizi: mtu anapeleka kilo tano za sembe na wapiga picha wawili.

Kabla hatujafika mbali, lipo jambo la kutazama ndani ya nyumba. Dada wa kazi amelipwa? Lini? Fundi aliyetengeneza bomba, yule uliyemwambia "nitakurushia", ulimrushia? Mwenye mkokoteni uliyemkata mia tano kwa sababu alichelewa? Deni haliitwi sadaka, na anayetoa elfu ishirini msikitini au kanisani wakati mshahara wa binti wa watu una mwezi wa pili haujatoka, anatoa pesa ya yule binti.

Michango ya harusi siwezi kuikwepa. Kamati, ahadi, kadi ya mmoja, kadi ya wawili, ukumbusho kila siku saa mbili asubuhi kwenye kundi. Sisemi msusie, kesho ni yenu, na undugu wetu unashikana hapo. Nasema tu kwamba mtu anayetoa ahadi ya laki moja kwa harusi ya mfanyakazi mwenzake asiniambie hana pesa ya wema. Punguza ahadi kwa elfu ishirini. Bwana harusi hatagundua.

Kuhusu vituo vya watoto, tunavijaza biskuti na soda sikukuu, halafu Februari hakuna anayepita. Mpigie msimamizi siku ya kawaida umuulize kimekwama nini. Atakutajia bili ya maji, gesi, mshahara wa mlezi wa usiku. Vitu visivyopigwa picha vizuri. Na kama unamjua bibi anayelea wajukuu watatu peke yake, anza na bibi. Mtoto anayebaki na bibi yake hahitaji kituo.

Picha za wagonjwa zinazosambazwa kwenye simu zitie shaka kwanza. Nchi iliyozoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" imeshajifunza. Kwa hospitali ya serikali, omba namba ya malipo ya bili ya mgonjwa, ile inayoitwa kontrolo namba; ukilipa kwa hiyo pesa inaingia hospitalini moja kwa moja. Anayesisitiza utume kwenye namba yake binafsi tu, mpigie, na uombe kuzungumza na ndugu wodini.

Wakati nao ni pesa. Waislamu wanalijua hili: zakatul fitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, hutakiwa itoke kabla ya swala ya Idi, na ikitolewa baada yake huhesabiwa sadaka ya kawaida tu, kwa sababu siku ya sikukuu hakuna anayetakiwa kuamka akihangaikia chakula. Vijijini saa ya namna hiyo ni miezi ya kulima, ghala likiwa tupu. Mkulima mwenye njaa huacha shamba lake akalime la mwenzake kwa ujira, au huuza mazao yakiwa bado shambani. Kagera wanaita butura: kahawa inauzwa ikingali ua, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mwenye shamba anachuma mali ya mwingine. Sisi wa mjini tunatuma nyumbani Desemba, kuku wanachinjwa, tunarudi. Aliye na elfu ishirini ya kutuma kijijini mara moja kwa mwaka aitume shamba linapopaliliwa.

Kuchagua mtu mmoja kwa mwaka mmoja kunazidi kugawa elfu mbili mbili kwa kila anayenyoosha mkono. Elfu ishirini kila mwezi ni laki mbili na arobaini kwa mwaka, na mtu anayejua itakuja tarehe 28 anaweza kupanga. Ukiona hutaweza miezi yote, mwambie mapema ni miezi mitatu, ili asikutegemee bure. Miezi iliyobaki iache wazi kwa dharura.

Mwaka wa shule unaanza Januari. Orodha ya watoto walioripoti darasa la kwanza na kidato cha kwanza bila sare huwa mikononi mwa walimu wiki ile ile ya kwanza, na wengi wa watoto hao hurudi nyumbani kimya kimya kabla ya mwezi kuisha. Nenda shule iliyo karibu na kwako wiki hiyo, umwone mwalimu wa malezi, na uende na elfu ishirini yako.